Sura ya Sita: Protini Inayozuia Mfupa Usinenepe

Katika baadhi ya familia za Makaburu wa Afrika Kusini, wazao wa walowezi wa Kiholanzi waliofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, hutokea mtoto akazaliwa kidole cha shahada kikiwa kimeungana na kidole cha kati. Daktari hutenganisha vidole, na wazazi hudhani mambo yamekwisha. Miaka michache baadaye uso wa mtoto unapooza upande mmoja. Kisha anaanza kutosikia vizuri. Taya linarefuka, paji la uso linatokeza, na mwili unakuwa mkubwa kuliko wa wenzake wa rika moja. Kinachomsumbua ni mifupa isiyojua kuacha kukua. Fuvu linanenepa kwa nje na kwa ndani, vitundu vya kupitishia mishipa ya fahamu vinaibana, na ubongo unakosa nafasi ndani ya nyumba yake.

Ugonjwa huu unaitwa sklerosteosisi. Humpata mtu aliyerithi jeni lenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, na kwa kuwa jamii ile ilianzishwa na watu wachache walioendelea kuoana wenyewe kwa wenyewe, kasoro hiyo ilipata pa kujificha vizazi na vizazi. Daktari wa masikio Herman Hamersma na mtaalamu wa jenetiki Peter Beighton wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliwafuatilia wagonjwa hawa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2003, wao na mwenzao walichapisha kumbukumbu za miaka 38 za wagonjwa 63. Kati yao 34 walikuwa wameshafariki, 24 kwa sababu ya mgandamizo ndani ya fuvu, na wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 33. Nazitaja namba hizi mwanzoni kwa sababu yote yatakayofuata katika sura hii, dawa, vipimo, na mijadala ya wanasayansi, yametokana na mateso ya watu hawa. Tunawadai heshima ya kukumbukwa.

Lakini wagonjwa hao hao walikuwa na jambo jingine. Mifupa yao ilikuwa migumu mno kuvunjika. Huko Uholanzi nako daktari Frans van Buchem alikuwa ameeleza mwaka 1955 ugonjwa unaofanana na huo, mpole kidogo na usio na vidole vilivyoungana, ambao ulikutwa zaidi miongoni mwa watu wa Urk, mji wa wavuvi ambao zamani ulikuwa kisiwa. Mtu yeyote anayetibu vikongwe waliovunjika nyonga lazima ajiulize: ni kitu gani wamekikosa watu hawa, ambacho sisi wengine tunacho, na ambacho kinatuzuia kuwa na mifupa kama yao?

Jibu lilipatikana mwaka 2001. Makundi mawili ya watafiti, moja katika maabara ya kampuni ya dawa kwenye jimbo la Washington nchini Marekani na jingine Chuo Kikuu cha Antwerp nchini Ubelgiji, yalifika mahali pamoja kwenye kromosomu ya 17. Jeni walilolikuta likaitwa SOST, na protini inayotengenezwa nalo ikaitwa sklerostini. Wagonjwa wa Afrika Kusini walikuwa na kasoro ndani ya jeni lenyewe, kwa hiyo protini haikutengenezwa. Wale wa Uholanzi, jeni lao lilikuwa zima, ila kipande kirefu cha DNA kilicho mbali kidogo nalo kilikuwa kimekatika, na kipande hicho ndicho kinacholiamuru jeni lifanye kazi ndani ya mfupa.

Mfupa wa mtu mzima si kitu kilichokufa. Kila siku kuna seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga upya. Kuna na kundi la tatu, osteositi, ambalo ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa. Hizi zimezikwa ndani ya mfupa wenyewe, kila moja katika kijishimo chake, zikiwasiliana kwa vijimkono vyembamba. Ndizo zinazopima uzito ambao mfupa unabeba, na ndizo zinazotoa sklerostini kwa wingi. Protini hiyo hujishikiza kwenye vipokezi viitwavyo LRP5 na LRP6 juu ya seli zinazojenga, na ujumbe wa kuziamuru zijenge hukatizwa. Kwa ufupi, sklerostini ni breki. Ukitembea, ukibeba ndoo, ukilima, osteositi hupunguza sklerostini na breki hulegea. Ukilala kitandani miezi mitatu, breki hukazwa. Estrojeni huipunguza, na homoni ya tezi za paradundumio huipunguza pia. Wagonjwa wa sklerosteosisi hawana breki kabisa.

Mara tu hili lilipofahamika, likaja wazo ambalo kila mtafiti angekuwa nalo. Kama protini hii hutoka kwenye mfupa na kuingia katika damu, je, hatuwezi kuchota damu kidogo mkononi na kujua mfupa wa mtu unaelekea wapi? Kitu cha namna hiyo, kinachopimika mwilini na kutoa habari za afya, ugonjwa au matokeo ya tiba, ndicho kinachoitwa kiashiria cha kibayolojia. Sukari ya damu ni kiashiria. Kreatinini inayotumika kupimia figo ni kiashiria. Sklerostini ilionekana kuwa na kila sifa ya kujiunga nao, maana haitangazi tu kwamba mfupa umebomolewa au umejengwa, bali yenyewe ni sehemu ya amri.

Hebu tuingie maabara tuone namba ya sklerostini inavyopatikana. Damu huchotwa kwenye mshipa, mara nyingi asubuhi, na kuwekwa katika tyubu. Huachwa kama nusu saa igande, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka seli zishuke chini na juu ibaki seramu, majimaji ya manjano hafifu. Seramu hugawanywa katika vichupa vidogo na kugandishwa kwenye friza ya nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Siku ya kupima hutolewa sahani ya plastiki yenye visima 96. Sakafu ya kila kisima imepakwa kingamwili, yaani protini iliyoandaliwa kuitambua sklerostini na kuing'ang'ania. Mtaalamu hutia seramu, husubiri, huosha. Kilichoshikwa hubaki, kingine chote humwagwa. Kisha hutia kingamwili ya pili, inayoishika sklerostini upande mwingine na ambayo imefungiwa kimeng'enya. Huosha tena. Mwisho hutia dawa ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa ya buluu, na tone la asidi huifanya ya manjano. Kadiri sklerostini ilivyo nyingi ndivyo manjano inavyokolea. Mashine hupitisha mwanga kwenye kila kisima na kusoma ukolevu wa rangi.

Njia hii inaitwa ELISA, na ilibuniwa Stockholm mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann. Msomaji aliyewahi kupimwa VVU huenda damu yake ilipita humo. Lakini tazama vizuri kilichotokea: mashine haikuiona sklerostini. Imeona rangi. Ili rangi igeuke kuwa namba, baadhi ya visima hutiwa sklerostini ya kiasi kinachojulikana, mstari huchorwa, na namba ya mgonjwa husomwa kwenye mstari huo. Vyaelea vimeundwa. Namba inayotoka kwenye karatasi ya majibu imeundwa na kingamwili mbili zilizochaguliwa na mtengenezaji fulani, na kipimo-linganishi alichokitengeneza yeye mwenyewe.

Uzuri ni kwamba safari hii asili ilikuwa imewapa watafiti mtihani wa kukipima kipimo chenyewe. Watu wa sklerosteosisi hawana protini hii, kwa hiyo kipimo cha kweli kikiwekewa damu yao hakina budi kukuta patupu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakishirikiana na wenzao wa Afrika Kusini, walifanya hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Damu za wagonjwa hazikuwa na sklerostini ya kuonekana. Wabebaji, yaani wale wenye jeni moja zima na moja lenye kasoro, walikuwa na wastani wa pikogramu 15 hivi kwa mililita. Watu wasio na kasoro walikuwa na 40 hivi. Na wabebaji wale walikuwa wakijenga mfupa zaidi kuliko watu wa kawaida, bila kuugua. Sijui matokeo mengi katika elimu ya mifupa yanayopangika kwa uzuri namna hiyo: hakuna, nusu, kamili. Aliyeyasoma mwaka ule alikuwa na haki ya kuamini kwamba kiashiria kipya kimezaliwa.

Tatizo ni ile 40. Seti nyingine za kupimia, zinazouzwa na kutumika sana katika tafiti, huwapa watu wazima wenye afya wastani wa pikomoli 20 hadi 50 kwa lita. Sklerostini ina uzito wa kilodaltoni 22 na ushei, kwa hiyo pikomoli 30 kwa lita ni takriban pikogramu 660 kwa mililita. Zilinganishe: 40 na 660. Ni protini moja, katika damu ya watu wanaofanana kiafya, na tofauti inazidi mara kumi na tano. Kama glukosi ingepimwa namna hii, mgonjwa wa kisukari angekuwa mzima akipita hospitali ya pili.

Tofauti hii haitokani na uzembe wa mtu. Kingamwili za kampuni moja hushika sehemu fulani ya protini, za nyingine hushika sehemu nyingine. Kama sklerostini imekatika vipande ndani ya damu, seti moja itavihesabu vipande hivyo na nyingine itavipita. Tena sklerostini hupenda kushikamana na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande ambayo hupakwa ndani ya tyubu za aina fulani. Damu ya mtu mmoja ikigawanywa katika tyubu ya heparini, tyubu ya EDTA (kizuia-kuganda kingine) na tyubu ya kugandishia, majibu yanaweza kutofautiana kabla hata ya kingamwili kuguswa. Ndiyo maana makala inayosema tu kwamba sklerostini ilipimwa, bila kutaja seti wala tyubu, haijamwambia msomaji mengi.

Huenda mtu akasema: basi kila mtafiti atumie seti yake na alinganishe wagonjwa wake wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli, na ndivyo tafiti nyingi zilivyofanywa. Tuone zimetupa nini kuhusu swali linalomhusu mzee wa kawaida, kuvunjika. Huko Jeddah, Saudi Arabia, wanawake zaidi ya 700 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi, na matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba wenye sklerostini nyingi walivunjika zaidi. Mwaka huo huo, utafiti wa wanawake wazee wa Marekani ulihusisha sklerostini nyingi na kuvunjika nyonga. Mwaka uliofuata watafiti wa Lyon, Ufaransa, walitoa taarifa ya wanawake zaidi ya 500 waliofuatiliwa kwa miaka sita: hawakuona uhusiano wowote.

Jambo lililowachanganya watafiti zaidi ni hili. Kama sklerostini ni breki, ungetarajia wenye breki nyingi wawe na mifupa myembamba. Tafiti nyingi zinakuta kinyume: wenye mfupa mwingi ndio wenye sklerostini nyingi katika damu. Wanaume wanayo zaidi ya wanawake. Maelezo yanayoniridhisha ni rahisi. Mfupa mkubwa una osteositi nyingi zaidi, na osteositi nyingi hutoa protini nyingi hata kama kila moja inatoa kidogo. Damu inatupa jumla ya kilichovuja kutoka kwenye mifupa yote, na haituambii breki imekazwa kiasi gani pale kwenye nyonga au uti wa mgongo. Hapa ndipo penye msingi wa sura hii. Protini inaweza kuwa na kazi kubwa kabisa mwilini, na bado kiasi chake katika damu kisiwe dirisha la kuitazamia kazi hiyo.

Figo zinaongeza utata. Kadiri figo zinavyodhoofika, sklerostini ya damu hupanda. Wengi walidhani figo mbovu zimeshindwa kuitoa kwenye mkojo, basi imerundikana. Watafiti walipoipima kwenye mkojo mwaka 2014 walikuta kwamba figo zinapodhoofika, sklerostini inayotoka na mkojo huongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo mrundikano peke yake hauwezi kuwa sababu. Katika kisukari cha aina ya pili nako hupanda, na umri unavyosonga hupanda. Mzee wa miaka 70 mwenye kisukari na figo zilizochoka ana sababu tatu za kuwa na sklerostini nyingi, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokuambia moja kwa moja habari za nyonga yake.

Wakati wapimaji wakibishana, watengeneza dawa walikwenda mbele. Kama breki ikiondolewa mfupa unaongezeka, basi tengeneza kingamwili itakayoishika sklerostini ndani ya mwili. Dawa hiyo, romosozumabu, huchomwa kila mwezi kwa miezi 12. Katika jaribio la ARCH, wanawake 4,093 wenye mifupa dhaifu waliokwishavunjika waligawanywa: wengine walianza na romosozumabu mwaka mmoja kisha wakahamia dawa nyingine ya mifupa, alendroneti, wengine walitumia alendroneti tangu mwanzo. Baada ya miezi 24, hatari ya kuvunjika upya pingili za mgongo ilikuwa chini kwa asilimia 48 katika kundi la kwanza. Kwa mtu aliyewahi kumuuguza bibi aliyepinda mgongo, huo ni ushindi mkubwa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2019, lakini kwa onyo kali, kwa sababu katika mwaka wa kwanza wa ARCH matukio makubwa ya moyo na kiharusi yaliwapata asilimia 2.5 ya waliopewa romosozumabu na asilimia 1.9 ya waliopewa alendroneti. Katika jaribio jingine, FRAME, lililohusisha wanawake 7,180 na kulinganisha dawa na sindano isiyo na dawa, tofauti hiyo haikuonekana. Sklerostini hukutwa pia kwenye kuta za mishipa ya damu iliyoanza kuwa migumu kwa chokaa, na kazi yake pale bado inabishaniwa.

Sasa pima sklerostini ya mtu aliyechomwa kingamwili ya namna hii. Ungetegemea ishuke. Inapanda. Kingamwili inapoishika protini huifanya ikae katika damu muda mrefu zaidi, imefungwa na haina nguvu, na kipimo kinachohesabu jumla huihesabu yote. Yaani wakati ule ule ambapo breki imeachiwa na mfupa unajengwa kwa kasi, karatasi ya maabara inasema breki zimezidi. Daktari asiyelijua hili anaweza kuisimamisha tiba inayofanya kazi.

Hapa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wake. Mashine za DXA, zinazopima wingi wa mfupa kwa eksirei hafifu, ni chache na ziko mijini. Kipimo cha damu kinachoweza kusafirishwa kwenye boksi la barafu kutoka wilayani kingekuwa msaada wa kweli, na ninaelewa kwa nini mtafiti kijana wa Dar es Salaam au Nairobi atavutiwa nacho. Lakini viwango tulivyonavyo vya nini ni kawaida na nini si kawaida vimetokana kwa sehemu kubwa na damu za watu wa Ulaya na Marekani. Mwanamke wa Singida anayechota maji na kulima kila siku anaikandamiza mifupa yake kwa namna ambayo mstaafu wa Lyon haifanyi, na tumeona kwamba uzito huigusa sklerostini moja kwa moja. Kumpima kwa rula ya mwenzake ni kumdhulumu.

Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Osteoporosisi na Shirikisho la Kimataifa la Kemia ya Kitabibu yalipendekeza viashiria viwili vya mfupa vitumike kama rejea duniani kote: PINP kwa ujenzi na CTX kwa ubomoaji. Sklerostini haikuwemo, na kwa maoni yangu bado haijastahili kuwekwa kwenye fomu ya maabara ya hospitali. Mahali pake kwa sasa ni kwenye utafiti, na huko ina mengi ya kutufundisha. Kwa hiyo ombi langu ni kwa nyinyi mnaoanza kazi hii katika vyuo vyetu. Kabla ya kuagiza sahani ya kwanza, chagueni aina moja ya tyubu na msiibadilishe mpaka mwisho. Pimeni figo na sukari za kila mshiriki. Ulizeni anafanya kazi gani na alilala kitandani lini kwa ugonjwa. Wekeni sampuli zote za kulinganishwa kwenye seti ya toleo moja. Na mkichapisha, andikeni jina la seti, aina ya tyubu, na muda ambao damu ilikaa kwenye friza, ili atakayefuata aweze kurudia mlichofanya na kuona kama kinasimama.